Manesi nasi tuna haya

Ndugu Mhariri,

Wiki mbili zilizopita, katika safu yako hii ya barua, kijana mmoja wa Buguruni alieleza kwamba alikwenda kituo cha afya akiwa anatokwa na usaha sehemu za siri, na nesi wa mapokezi akamuuliza mbele ya benchi zima, "Umeiokota wapi hiyo?" Akaondoka bila kutibiwa, akaenda kununua vidonge duka la dawa. Akamalizia kwamba manesi hatuna utu. Niliikata barua ile nikaitia kwenye mkoba, na nikipata siti kwenye daladala ya kurudi Mbagala huwa naitoa naisoma tena.

Sikusudii kumtetea nesi yule. Swali lile ni la kumkomoa mtu, halimtibu. Ila nina miaka 24 kazini, mingi kati yake nimeimalizia kwenye kliniki ya sukari na presha ya kituo kimoja hapa Temeke, na nataka niseme jambo ambalo sisi wenye sare hulisema tukiwa wenyewe tu, chai ya saa nne: wengi wetu tunafoka kwa sababu tunaona haya. Ukali ndiyo kanga yetu ya kujifunika uso.

Naanza na mimi mwenyewe.

Nilikuwa na mgonjwa wa presha, fundi samani wa Keko, miaka 58. Mtu nadhifu, anakuja na shati limepigwa pasi, lakini vumbi la msasa halimtoki kwenye kope. Miezi ya mwanzo dawa zilimkubali, presha ikashuka, nikamsifia. Mwezi wa nne, baada ya kuandikiwa, hakuinuka. Alichukua faili lake, akaliweka tena mezani, akaligeuza. "Sista," akasema, "hizi dawa hazimfanyi mtu akawa mchovu mchovu?" Nikamjibu huku naandika, "Uchovu wa mwanzo tu huo, baba, utazoea. Anayefuata!" Akashukuru, akatoka.

Nje palikuwa na watu kama 60 na sisi tulikuwa manesi wawili. Hilo nalisema si kwa kujitetea, ni kwa kuwa ndivyo ilivyokuwa. Lakini alipolitamka lile neno "mchovu" hakunitazama mimi, alitazama magoti yake. Leo ndiyo naliona.

Akaacha kuja. Aliporudi, miezi mitano baadaye, aliletwa na bajaji, mdomo umekwenda upande, mkono wa kulia umelegea. Mkono wa randa. Presha 210 kwa 120. Tukiwa tunasubiri gari la kumpeleka hospitali ya rufaa, mkewe alinivuta pembeni akaniambia kwa sauti ya chini, "Alisema dawa zenu zinamuua uanaume, akazitupa. Siku hizi alikuwa ananunua vumbi la Kongo, kuna kijana anamletea pale kiwandani." Nilitaka kumuuliza kwa nini mzee hakusema. Nikakumbuka kwamba alisema.

Hakuna fumbo la kitaalamu hapo. Presha na sukari huharibu mishipa ya damu, na sukari huongezea kuharibu mishipa ya fahamu. Mishipa ya uume ni myembamba kuliko ya moyo, kwa hiyo mara nyingi huanza kuziba mapema zaidi, na mwanaume ambaye jogoo wake leo hapandi mtungi huenda ni moyo wake unamtumia salamu za miaka michache ijayo. Kisha kuna dawa zenyewe. Baadhi ya zile za kukojosha, hasa jamii ya thiazaidi, na baadhi ya zile za kupunguza mapigo ya moyo, kama atenololi na propranololi, zinaweza kuchangia. Daktari ana namna ya kubadilisha, zipo dawa za presha zisizo na taabu hiyo sana. Ila atabadilisha nini, na kwenye faili nimeandika "mgonjwa anaendelea vizuri"?

Sasa panda gari Mbagala Rangi Tatu uje hadi Mtoni kwa Azizi Ali, utazame nguzo. Nguvu za kiume, nguvu za kiume, nguvu za kiume, na namba ya simu. Mle ndani ya zile chupa na karatasi sijui wanachanganya nini, na mnunuzi hajui pia. Ninachojua ni kwamba mgonjwa wa moyo anayetumia dawa za maumivu ya kifua za jamii ya naitreti akichanganya na vidonge vya kusimamisha vya jamii ya sildenafili, presha inaweza kuporomoka ghafla akafa hapo hapo kitandani. Wagonjwa wa namna hiyo tunao. Hatuwaulizi. Mwenye tangazo la kwenye nguzo hana shule tuliyosoma sisi, lakini ametuzidi kwa jambo moja: yeye amelitaja tatizo kabla ya mwenye nalo.

Watu wa juu wakisikia hivi huandaa semina. Tunakwenda hotelini, tunakula vizuri, tunasaini posho, tunarudi na begi lenye nembo. Semina hizo zinadhani nesi hajui. Nesi anajua. Kinachomshinda ni kufungua kinywa.

Chuoni mwalimu wetu wa mfumo wa uzazi alichora ubaoni kila kiungo na mshale wake. Alipofika kwenye namna tendo lenyewe linavyokwenda, na linavyoharibika, akafuta ubao kwa kiganja, akasema, "Sehemu hii mtajisomea wenyewe, mmekuwa watu wazima." Darasa lilicheka. Hakuna aliyejisomea. Shirika la Afya Duniani lilitoa ripoti mwaka 1975 kuhusu kuwafundisha watumishi wa afya mambo haya haya. Mwaka 1975 mimi hata kuzaliwa sijazaliwa.

Halafu kuna salamu, na hili sijaliona kwenye kitini cha semina yoyote. Mgonjwa akiingia, mimi mdogo kwake, namwamkia: shikamoo baba. Anaitika: marahaba mwanangu. Tayari tumeshagawana nafasi. Mimi mtoto, yeye mzazi. Mtoto gani amuulize baba yake mambo ya chumbani? Na baba gani amjibu? Sekunde tano za adabu zimefunga mlango ambao kliniki nzima ilijengwa kuufungua. Siwezi kuacha kuamkia, nitaonekana sina malezi, na mimi mwenyewe nitajisikia vibaya siku nzima.

Na maneno nayo. Kazini tunatumia "tendo la ndoa". Ni neno safi, unaweza kulisema mbele ya paroko. Mwaka fulani nikajaza fomu ya kijana wa miaka 22, dereva bodaboda. "Mara ya mwisho kufanya tendo la ndoa lini?" Akanishangaa. "Sista, mimi sijaoa." Nikaandika: hakuna. Nilishafika mgonjwa wa tatu mbele ndipo nilipogundua nilichofanya. Kijana alinijibu ukweli mtupu, neno langu ndilo lililokuwa na pete kidoleni. Mjane wa miaka 61 je? Yeye ukimuuliza tendo la ndoa unamkumbusha msiba. "Kujamiiana" ni la kitabuni, mgonjwa anaitikia bila kuelewa. "Ngono" limechafuliwa, mtu akilisikia anajiona yuko mahakamani. "Unalala na mtu?" Nililijaribu hilo kwa mama mmoja, akanijibu ndiyo, nalala na wajukuu wawili.

Siku hizi nauliza tu, "Una mtu wako?" Mtu akiwa naye, tabasamu linamponyoka. Tukifika hapo, yaliyobaki yanasemeka.

Nasikia wengine wakisema Waswahili hatuongei mambo haya, ni utamaduni. Si kweli hata kidogo. Bibi yangu mzaa mama, huko Kisarawe, alikuwa kungwi, na aliyokuwa akimwambia mwali ndani ya nyumba ile nikiyaandika hapa, Mhariri, gazeti lako litafungiwa. Sisemi turudi huko. Kungwi alimfundisha mwali kumridhisha mume, siku mwali akiumia yeye hakuna wimbo ulioimbwa. Lakini maneno yalikuwepo. Na leo fungua redio za dini usiku: watu wazima wanapiga simu kumuuliza shehe janaba, hedhi, mke anayekataa, mume asiyeweza, na shehe anajibu kwa utulivu, nchi nzima inasikiliza na chai mkononi. Shehe ana ruhusa. Kungwi alikuwa na ruhusa. Nesi hajapewa na mtu, naye hajajipa.

Aliyejipa nilimwona mmoja. Ni sista mzee aliyenitangulia kwenye kliniki hii, sasa amestaafu yuko kwao Newala. Akiingia mzee wa miaka 65 au 70 alikuwa hamwiti baba. Alimwita babu. Mimi nilidhani ni uzee unamchanganya, mpaka siku moja nikakaa naye chumba kimoja. Akamaliza kupima presha, akaviringisha mkanda wa mashine taratibu, akamwambia mgonjwa, "Babu, hizi dawa zangu zisije zikakugombanisha na bibi. Jogoo bado anapanda mtungi?" Mzee alicheka hadi akavua kofia. "Mjukuu wangu," akasema, "siku hizi mtungi anautazama tu." Wakaongea dakika nne. Kwenye faili yakaandikwa maneno mawili, daktari akabadilisha dawa.

Baba ni wa kuheshimiwa, babu ni wa kutaniwa. Mjukuu anaweza kumwita babu yake "mume wangu" mbele za watu na watu wakacheka. Jaribu kumwita hivyo baba yako, utatafutiwa wa kukusomea. Sista yule alihama kiti kimoja tu cha ukoo, na chumba kizima kikabadilika.

Baadaye nilikuja kusoma kwamba mwanasaikolojia wa Marekani, Jack Annon, mwaka 1976 alipanga mazungumzo ya namna hii katika ngazi nne: kumpa mgonjwa ruhusa ya kusema, kumpa maelezo machache, kumpa ushauri wa tatizo lake hasa, na mwisho tiba ya kina ambayo ni ya wataalamu. Wagonjwa wengi hawahitaji kufika ngazi ya nne. Wanahitaji ile ya kwanza tu. Sista wa Newala hakumsoma huyo Annon, nina uhakika.

Lakini babu haiwafai wote. Mwanaume wa miaka 50 wa Dar es Salaam, amepaka piko, amevaa raba nyeupe, ukimwita babu atakununia hadi mwaka ujao. Na kwa manesi wasichana kuna hatari nyingine ambayo lazima niitaje. Tulikuwa na binti mmoja, mpya kazini, aliyefuata mafunzo na kumuuliza mgonjwa vizuri kabisa kuhusu nguvu zake. Mgonjwa akatafsiri anavyojua yeye. Akaitafuta namba yake ya simu, akaipata, akaanza kumpigia saa sita usiku: "Si wewe ndiye uliyeniuliza?" Binti hakumuuliza tena mwanaume yeyote jambo lolote zaidi ya jina na umri. Unamlaumu? Mimi simlaumu.

Kwa hiyo nikatafuta njia yangu. Asubuhi kabla hatujaanza kupima huwa tunatoa elimu ya afya, wagonjwa wote wamekaa kwenye mabenchi. Zamani nilisema presha na sukari zinaharibu macho, figo na miguu. Mwaka juzi nikaongeza: "Na la nne ni chumbani. Linawapata wengi, si uchawi, lina msaada. Mwenye nalo asinieleze hapa. Akiingia ndani aniambie tu, sista, nina la nne." Benchi likacheka, mama mmoja akajifunika mtandio. Siku ile hakuja mtu. Wiki ya tatu akaja mzee mmoja, akakaa, akakohoa, akasema haraka kama anayelipa deni, "Nina la nne." Mwezi ule wakafika sita.

Sasa benchi zima linaijua lugha yenyewe, siri imekwisha. Mtu akikawia ndani wenzake wanamsubiri mlangoni, "Ulikuwa na la nne nini, mzee mwenzangu?" Wanacheka. Lakini wanakuja, na wakija dawa zao hawazitupi.

Kosa langu lingine ni kwamba nilidhani la nne ni la wanaume. Mama mmoja, mama lishe, miaka 46, ana sukari, aliniambia siku moja kwa hasira, "Na sisi je, sista? Au sisi chumbani tunakwenda kutandika kitanda?" Akanieleza fangasi zisizokoma, ukavu, maumivu, na jinsi anavyochelewa makusudi kuosha masufuria usiku hadi asikie mume anakoroma. Miaka mitatu anafanya hivyo. Sukari ikipanda fangasi hupenda, na ukavu ni jambo linalojulikana kwa wanawake wenye sukari. Kwa dawa ya fangasi, sukari iliyodhibitiwa na mafuta ya kulainisha yanayofaa, mengi yanapungua. Nilikuwa nikimpima mama huyu kila mwezi, miaka mitatu hiyo hiyo. Nilimuuliza miguu.

Mhariri, chumba ninachosema "ndani" si chumba. Ni kona iliyotengwa kwa pazia la kijani, ndoano zake nusu zimekatika, upande mmoja tumelifunga kwa bandeji. Upande wa pili wa pazia ndipo palipo na mzani, na foleni ya mzani. Anayepimwa uzito anasikia kila neno, na feni ikizimika umeme ukikatika anasikia hata kimya. Siku nikiwa na la nne nzito namtoa mgonjwa nje tunasimama chini ya mwarobaini, karibu na jenereta, tunajifanya tunasoma kadi. Mwenye mamlaka ya bajeti akinisoma, sihitaji kompyuta wala semina. Nahitaji mlango. Mbao na bawaba, mafundi wa Keko wapo.

Na mstari mmoja kwenye kadi ya kliniki. Kadi inaniagiza niulize kuona, miguu, sigara, pombe, chumvi. Jambo likishachapwa kwenye kadi, haya inahama kwangu inakwenda kwa karatasi: "Baba, samahani, kadi inataka nikuulize." Wagonjwa wanaiheshimu sana karatasi. Ukimwi ulitufundisha hilo. Tangu wagonjwa wa kwanza walipogunduliwa Kagera mwaka 1983 tulilazimika kujifunza kuuliza idadi ya wenza na kondomu, na leo nesi wa kliniki ya VVU anauliza bila kupepesa macho, kwa kuwa fomu inamlinda. Ila tulijifunza upande mmoja tu, tendo kama barabara ya ugonjwa. Kama mtu anaumia, kama hawezi, kama hataki, fomu haina kisanduku.

Kwa yule kijana wa Buguruni. Mdogo wangu, pole. Vidonge vya duka la dawa huenda vimekausha usaha na visiue wadudu. Kisonono kimeshakuwa sugu kwa dawa kadhaa, na kama ulikunywa nusu dozi umekisaidia kupata mazoezi. Rudi, ikibidi nenda kituo kingine, mwambie nesi "natokwa na usaha, naomba tuongee pembeni." Mtu wako naye atibiwe, la sivyo mtarudishiana. Lakini nesi akikwambia hapati dawa mtu mpaka amlete mwenzake, mwambie utibiwe wewe kwanza kisha utamleta. Na akupime VVU hapo hapo. Kama una rafiki mdogo anayeogopa kwa sababu ya wazazi, mwambie sheria ya Ukimwi ilirekebishwa mwaka 2019, mwenye miaka 15 anaweza kupimwa bila ridhaa ya mzazi. Manesi wengine hawajaipata habari hiyo, mkumbushe kwa adabu.

Fundi wangu wa Keko yu hai. Anatembea na fimbo, mkono haujarudi, mwanawe ndiye ameshika karakana. Mwezi uliopita alikuja kliniki, akasikiliza elimu ya asubuhi akiwa benchi la mbele. Alipoingia pazia nikamwambia, "Kaka," nimeacha kumwita baba, "ile siku uliponiuliza uchovu, nilikujibu vibaya." Alinitazama muda. Akasema, na maneno yake bado ni mazito kutoka, "Nilidhani hukusikia."

Naomba jina langu lihifadhiwe. Mama mkwe wangu husomewa gazeti hili na wajukuu kila siku, kuanzia ukurasa wa kwanza hadi matangazo ya vifo, na mimi naye bado hatujafika kwenye la nne.

Muuguzi (jina limehifadhiwa)
Mbagala, Dar es Salaam